Kabla Hujanunua Nguo Nyingine: Mwongozo Kamili Kuanzia Kabatini Hadi Matambara

Kabatini mwangu kuna magauni saba ya sare. La kijani ni la sendofu ya binamu, la zambarau ni la kicheni pati ya jirani, yaliyobaki sikumbuki vizuri ni ya nani. Kila moja nililivaa siku moja, nikapigwa picha, nikalifua, nikalikunja. Siku niliyoyatoa yote na kuyapanga kitandani ndipo nilipoacha kuiona fasheni ya chapuchapu kama ugonjwa wa wasichana wa Ulaya. Na sisi tunao, ila wetu unachangishwa na kamati.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: anayenunua mtumba Karume, kitenge Kariakoo, ana fundi wake wa mtaani, na mara mojamoja anaagiza kitu mtandaoni. Nauandika nikiwa Dar es Salaam. Wewe wa Gikomba au Kongowea badilisha majina ya masoko tu, mengine ni yaleyale.

Tatizo lenyewe kwa ufupi

Fasheni ya chapuchapu ni nguo inayobuniwa leo, ikashonwa kwa malipo ya kutupa, ikafika dukani baada ya wiki chache, huku aliyeiuza akijua kwamba utaichoka kabla haijachakaa. Zara walizoesha dunia mwendo huo. Shein wakauongeza hadi kupandisha mtandaoni maelfu ya mitindo mipya kwa siku. Mwaka 2023 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 124 za nyuzi, zaidi ya maradufu ya mwaka 2000. Zaidi ya nusu ya hizo ni poliesta, yaani mafuta ghafi yaliyogeuzwa uzi. Poliesta haiozi, na kila ukiifua inaachia vinyuzi vidogo mno vinavyokwenda na maji ya kufulia hadi mtoni na baharini.

Pamba nayo ina deni lake. Husemwa kwamba fulana moja ya pamba hula lita 2,700 za maji, sawa na madumu 135 ya lita 20. Hesabu hiyo ni ya wastani, na mimi siipendi ikitajwa peke yake, maana mkulima wa Simiyu au Shinyanga analima kwa mvua, hana bomba wala mfereji. Kwingine hali ni tofauti kabisa. Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilianza kukauka baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba tangu miaka ya 1960, na leo mashua zimelala mchangani. Kwa hiyo neno "pamba" kwenye lebo halijakwambia kila kitu.

Halafu kuna wanaoshona. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, Savar, nje kidogo ya Dhaka, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikafunga, lakini washonaji wakaamriwa warudi kazini. Nina shati jeupe la mtumba lenye lebo ya Bangladesh, na kila ninapolipiga pasi nauona ule mshono ulionyooka wa mtu nisiyemjua. Huenda hata pamba yake ilitoka kwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Ilisafiri ikawa uzi, ikawa shati, ikavaliwa Ulaya, ikarudi Dar ndani ya belo.

Mtumba wazee waliuita "kafa Ulaya", na sisi tumekuwa tukiuona kama jibu. Kwa kiasi ni kweli: nguo iliyokwisha kutengenezwa haihitaji shamba jipya wala kisima kipya cha mafuta. Tatizo ni kwamba belo hubeba kile kile kilichonunuliwa huko, na wanunuzi wa huko siku hizi wananunua takataka. Muulize muuzaji yeyote wa siku nyingi, atakwambia zamani belo lilikuwa na nguo ngumu, siku hizi anafungua akiomba dua. Nairobi zile za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera, za mwisho kabisa huitwa fagia, na fagia nyingi huishia kwenye kingo za Mto Nairobi unaopita kando ya Gikomba, au dampo la Dandora. Accra, Ghana, wana soko la Kantamanto na mzigo uleule. Chile nguo zimetupwa jangwani Atacama hadi zimekuwa vilima.

Serikali zilijaribu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuutoa mtumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA, sheria yake iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Sisemi mtumba ndio ulioviua viwanda vyetu vya nguo peke yake. Urafiki ya Ubungo iliyofunguliwa mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma: humo kulikuwa na mashine chakavu, umeme wa kubahatisha na madeni pia.

Basi. Tuingie kabatini.

Hatua ya kwanza: mwaga kila kitu kitandani

Usianze kwa kununua nguo "rafiki wa mazingira". Nguo yenye gharama ndogo kwa dunia ni ile ambayo tayari unayo. Toa zote, hata zilizo kwenye begi juu ya kabati, na zile za kwenye kapu la kufua. Gawa mafungu matatu: ninazovaa kila wiki, ninazozipenda ila zina kasoro, na nisizovaa.

Fungu la kati ndilo mali. Mimi nilikuta suruali mbili zenye zipu mbovu, blauzi isiyo na kifungo, sketi iliyonibana na jinzi iliyochoka mapajani. Nguo tano nzima. Nilipeleka kwa fundi zote pamoja, na malipo yake hayakufika bei ya suruali moja mpya. Fanya hivyo wiki hii hii kabla shauku haijapoa.

Fungu la tatu usiligawe bado. Lirudishe kabatini, lakini kwa mpango: kila nguo uliyoivaa na kuifua irudi upande wa kulia. Usipange upya, usiguse upande wa kushoto. Baada ya miezi mitatu utaona zilizobanana kushoto ni zipi, na utajua mwenyewe ulikuwa unanunua kwa ajili ya nani. Kwangu zilikuwa nguo za mtu anayekwenda ofisini yenye kiyoyozi. Sina ofisi yenye kiyoyozi.

Hatua ya pili: gawa bei kwa siku utakazovaa

Hesabu hii ifanye kichwani hapohapo dukani. Gauni la shilingi 15,000 utakalolivaa mara tatu kabla halijachuja limekugharimu 5,000 kwa kila kuvaa. Shati la pamba la 40,000 utakalolivaa kila wiki kwa miaka miwili, tuseme mara 100, ni shilingi 400. Ukijizoesha utashangaa ni mara ngapi la bei kubwa ndilo rahisi.

Ila tuwe wakweli: si kila mtu ana 40,000 kwa mkupuo. Mwenye 5,000 mfukoni atanunua cha 5,000. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuchagua vizuri mtumbani na kurekebisha, maana huko ndiko hela ndogo inakopata nguo ya maana.

Hatua ya tatu: kijue kitambaa kwa vidole na kwa moto

Lebo ikiwepo, isome: hutaja asilimia ya kila uzi. Mara nyingi kwenye mtumba imekatwa, na kwenye nguo za spesho, yaani mpya, za bei rahisi wakati mwingine inadanganya. Kwa hiyo jifunze vipimo hivi.

Nyanyua kitambaa juu ya mwanga. Fulana ukiiona kiganja chako kwa uwazi upande wa pili, haitafika mwaka. Kamata kwa vidole viwili, fikicha kwa sekunde kumi: vikitokea vijidonge vya nyuzi sasa hivi, fikiria chini ya kwapa. Vuta mshono pande zote mbili taratibu, na ukiona meno ya uzi yakifunguka, acha. Geuza ndani uhesabu mishono kwenye sentimita moja. Minne au mitano ni kazi ya kawaida, chini ya mitatu ni kazi ya kukimbizana na saa.

Kipimo cha moto ni cha nyumbani, usikifanye dukani ukafukuzwa. Chomoa nyuzi chache kutoka mshono wa ndani, zisokote pamoja, zishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, kisha zisogeze kwenye mshumaa.

- Pamba hushika moto mara moja, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipulizia.
- Poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, na ikipoa huacha kidonge cheusi kigumu kama shanga.
- Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na moto hujizima wenyewe.
- Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa massa ya miti, huungua kama pamba. Ukitaka kuitofautisha, lowesha uzi wake kisha uvute: ikilowa hukatika kirahisi, pamba hukaza.

Ukipata jivu na shanga kwa pamoja, ni mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi kwa mavazi ya kazi, ila hauwezekani kurejelewa kirahisi. Tena hata nguo za nyuzi moja ni chache mno zinazorudi kuwa nguo mpya, chini ya asilimia 1 duniani kote. Nguo yenye lebo inayokuambia "imerejelewa" mara nyingi imetengenezwa kwa chupa za plastiki, haikutengenezwa kwa nguo kuukuu.

Wala usiichukie poliesta yote. Koti la mvua, begi, jezi: hapo inafaa kuliko pamba. Na uzi wa kushonea wa poliesta hudumu kuliko wa pamba. Ila kanzu, dera au shati la kushindia kwenye joto la Dar likiwa la poliesta, utaoga jasho mara mbili kwa siku na utalifua mara mbili zaidi.

Hatua ya nne: mtumbani

Nenda asubuhi siku belo linapofunguliwa ukitaka bora na una hela. Nenda jioni ukitaka rahisi na una macho. Muuzaji wako akishakujua atakwambia siku, kwa hiyo chagua wawili watatu na uwazoee. Vaa nguo ya kubana chini ili uweze kujaribu bila chumba, na beba tepu ya fundi. Namba za saizi za nchi mbalimbali hazifanani na nyingine zimefutika. Pima suruali yako inayokukaa vizuri ukiwa nyumbani: kiuno, nyonga, urefu wa ndani wa mguu. Andika kwenye simu. Hivyohivyo ukiagiza mtandaoni, muulize muuzaji vipimo vya sentimita, usikubali "ni M hiyo dada, itakukaa".

Ukiishika nguo, pita mahali pale pale kila mara: kwapa, ndani ya kola, katikati ya mapaja, magotini, chini ya zipu, ndani ya mifuko. Fungua na kufunga zipu mara tatu. Ipeleke kwenye jua, kwa sababu turubai la bluu la kibanda huficha madoa ya njano vizuri sana. Nimewahi kununua blauzi nikidhani ni ya maziwa, nyumbani ikawa nyeupe yenye ramani ya jasho.

Kasoro za kukubali: kifungo kimoja, pindo lililofumuka, zipu kwenye suruali nzuri, urefu uliozidi. Kasoro za kukataa: kwapa lililoanza kuoza, lasitiki iliyolegea yote, tundu katikati ya fulana ya kunyumbulika, doa la zamani lililokwisha kupigwa pasi. Nguo iliyo kubwa kwako hupunguzwa, iliyo ndogo huombewa.

Kasoro ya kukubali ndiyo silaha yako ya bei.

"Hilo elfu nane, dada."

"Kaka, zipu haipandi, ona. Fundi naye nitampa nini? Nipe kwa tatu."

"Ongeza buku."

Mkabaki kwenye nne, na wote mkajua mlikokuwa mnakwenda tangu mwanzo. Usimkandamize mtu aliyekopa kununua belo asilolijua ndani yake mna nini. Belo zima likitoka fagia, hasara ni yake, wala aliyelifunga huko ng'ambo hamrudishii kitu.

Nguo za ndani acha. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imezikataza za mtumba, na hapa sina ubishi nao.

Ukifika nyumbani, loweka mtumba wako kwa maji ya moto na sabuni kabla haujakutana na nguo nyingine. Ile harufu yake maarufu ikigoma, loweka usiku mmoja kwa maji yenye kikombe cha siki nyeupe, suuza, anika juani, piga pasi.

Hatua ya tano: kitenge, kanga na suala la sare

Ukinunua kitambaa kipya, anza na swali: ni pamba? Siku hizi kuna vitenge na kanga za poliesta zenye rangi kali kuliko za pamba, na bei yake inavutia. Kitenge cha waksi rangi zake hupenya, ukikigeuza pande zote mbili zinakaribia kufanana. Cha bei rahisi kimechapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Wanga wa dukani usikudanganye. Kitambaa kinachosimama kama karatasi kinaweza kulala kama tambara baada ya maji ya kwanza, kwa hiyo kifikiche kwenye kona: unga mweupe ukidondoka vidoleni, ugumu huo ni wa wanga.

Halafu fanya jambo ambalo watu wengi hawafanyi: loweka kitambaa cha pamba usiku mmoja kabla ya kukipeleka kwa fundi. Pamba hurudi. Afadhali irudie kwenye beseni kuliko kurudia mwilini mwako baada ya kushonwa. Na maji yakichuja rangi sana, utajua mapema kwamba nguo hiyo itafuliwa peke yake.

Kanga ndiyo nguo ninayoweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Doti moja ni vipande viwili, unavikata na kuvipinda mwenyewe. Haina saizi, haina msimu, haihitaji zipu. Inavaliwa, inabeba mtoto, inafunika, ikichakaa inakuwa nepi, ikizidi kuchakaa inakuwa tambara la jikoni. Wabunifu wa nchi za mbali wanaandika maandiko marefu kuhusu nguo isiyo na taka, na bibi zetu wanajifunga tu.

Sasa sare. Hapa ndipo tunapoteza fedha na vitambaa vingi, na hapa ndipo utakapoonekana mjeuri ukisema. Sema mapema, kwenye kikao cha kwanza, kabla mwenyekiti wa kamati hajaenda Kariakoo. Pendekeza rangi badala ya kitambaa: "Tuvae kijani, kila mtu kijani chake." Picha zinatoka nzuri na hakuna anayekopa. Wakikataa, pendekeza kanga au kitenge cha pamba badala ya satini au lesi ya poliesta, ili baada ya sherehe kiwe na maisha. Wakikataa na hilo, mwambie fundi akushonee vipande viwili, sketi na blauzi. Gauni zima la satini la zambarau halina pa kwenda tena. Sketi yake utaivaa na blauzi nyeupe hadi watu wasahau ilitoka wapi.

Yale saba yangu? Mawili yamekuwa sketi, moja mitandio miwili, moja foronya. Matatu bado yapo, na sina la kuyafanya. Ni satini.

Hatua ya sita: kuzungumza na fundi

Fundi mzuri ni sawa na kabati la pili. Mpelekee nguo yako inayokukaa vizuri kama kipimo, hata kama ana tepu. Mwambie mambo matatu kwa sauti, maana asipoambiwa atafanya la haraka:

Aache nafasi ndani ya mshono wa ubavuni, sentimita mbili au tatu kila upande. Mwili hubadilika, na nguo yenye nafasi huachiwa kwa dakika ishirini. Nguo ya mtoto aiachie na pindo la sentimita tano ili akirefuka ishushwe. Kisha apige ovaloki kingo zote za ndani, au akunje mshono mara mbili kama hana mashine. Nguo nyingi za pamba hufia hapo, kingo zikitatarika taratibu. La tatu, mabaki ya kitambaa akurudishie. Wengi huyatupa au kuyafanyia vyao. Mabaki ya rangi ileile ndiyo kiraka chako cha mwaka kesho.

Kuhusu siku, mpe tarehe ya uongo, wiki moja kabla ya ile unayoihitaji. Mafundi wote wanasema kesho, na wote wanakuwa wamesema kweli kwa siku isiyojulikana. Usilipie haraka kwa nguo ya sherehe ya keshokutwa, kwa sababu kukimbizwa ndiko kunakozaa mshono wa chini ya mitatu kwa sentimita.

Hatua ya saba: kufua

Nguo nyingi haziuawi na kuvaliwa, zinauawa na beseni. Jinzi na makoti yaning'inize yapate hewa, huna haja ya kuyafua kila yanapotoka mwilini. Fulana za jasho fua leo leo, kwa sababu jasho la siku tatu ndilo linalokula kwapa. Geuza nguo nje ndani kabla ya kuifua na kuianika. Anika za rangi kivulini. Ila katika maeneo mengi ya kwetu kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini na funza huingia ngozini, kwa hiyo ziache zikauke kabisa kisha pasi ya moto ipite kila mahali, hasa mikunjo na nguo za watoto.

Doa la damu ni maji baridi tu, ya moto hulipika. Njano ya kwapa kwenye shati jeupe hutokana na jasho likikutana na dawa ya kwapa, na Jik huizidisha. Paka uji mzito wa soda ya kuokea na maji, acha saa moja, sugua kwa mswaki mzee, suuza. Jik usiitie kwenye sufu, hariri wala nguo inayovutika, itaifanya ikakamae na kukatika. Na usiichanganye na siki kamwe: hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni ndogo.

Sweta usilikamue kwa kulisokota. Lifunge kwenye taulo, likanyage, kisha lilaze juu ya kitu bapa. Ukilitundika kwenye kamba likiwa na maji litafika magotini.

Hatua ya nane: kurekebisha mwenyewe

Kifungo kwanza. Chukua uzi wa poliesta, ukunje mara mbili, funga fundo. Pitisha sindano kutoka nyuma ya nguo, weka kifungo, kisha weka njiti ya kibiriti juu yake, katikati ya matundu. Shona ukipita juu ya njiti mara sita. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, utaona uzi umebaki na ulegevu. Toa sindano kati ya kifungo na kitambaa, zungusha uzi mara tatu kama unafunga shingo ya gunia, kisha rudi nyuma ufunge fundo. Hiyo shingo ndiyo siri, inakipa kifungo nafasi ya kukaa juu ya kitambaa cha tundu bila kuvutana. Kwenye mtumba tazama pia chini ya lebo ya ubavuni, mara nyingi kuna kifungo cha akiba kimeshonwa humo na mwenyewe hakuwahi kukihitaji.

Jinzi ya mapajani usisubiri itoboke. Kila mwezi ielekeze kwenye dirisha, na pale mwanga unapoanza kupenya weka kiraka cha jinzi kuukuu kwa ndani, kikubwa kuliko sehemu iliyochoka kwa vidole viwili, ushone mistari ya kwenda na kurudi. Kiraka cha mapema hakionekani.

Zipu ikikwama, isugue kwa mshumaa au risasi ya penseli. Ikiachia nyuma yake, kichwa chake kimepanuka: kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, taratibu. Ukikibana sana hakisogei tena, ndipo utampelekea fundi kwa aibu kama mimi.

Hatua ya mwisho: kuiaga

Nguo nzima usiyoivaa mpe mtu unayemjua na atakayeivaa, ukimuuliza kwanza. Kupeleka mfuko wa nguo mbovu kituo cha watoto ni kuhamisha dampo tu, wapigie uwaulize wanahitaji nini. Nyingine zinauzika, wadada wengi mtandaoni wanauza kabati zao na zinatoka.

Isiyovalika tena ikate. Pamba hunyonya maji, ndiyo tambara la deki, la jikoni na la gereji, na mafundi magari huyapokea kwa furaha. Poliesta hainyonyi kitu, ikate vipande vidogo uijaze kwenye mto. Usiichome uani, moshi wake utaukumbuka kifuani.

Kabla mkasi haujaingia, kata vifungo, chomoa zipu, kata lasitiki iliyo nzima na ndoano za sketi. Vitie kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Langu limejaa nusu, na kifungo cha lile shati jeupe la Bangladesh, kilipokatika mwezi uliopita, nilikipatia humo humo. Rangi haikulingana sana. Kipo cha tatu kutoka juu, tai ikiwepo hakionekani.